Nguva wa Chuma Sebuleni

Wageni wanaokuja kutazama picha nyumbani kwangu hukutana kwanza na viatu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kibaraza chetu hujaa buti za theluji, raba, na viatu vya kisigino vya kina mama wa Kihaiti wanaopitia kwangu wakitoka ibada ya Wasabato. Sikuwahi kubandika tangazo la kuvua viatu. Mimi ni mtoto wa Tanga, ndani kwangu haingii mtu na viatu, na wateja wakiliona rundo wanajiongeza wenyewe. Kwa hiyo huku Boston kuna nyumba moja ya mbao ya ghorofa tatu ambamo watu hutazama sanaa ya Haiti wakiwa na soksi. Nimewaona wenye soksi zilizotoboka kidole wakilipa dola mia tisa bila kubisha, na wenye soksi za hariri wakitaka wapunguziwe kumi.

Ghorofa ya juu wanaishi wapangaji, ya kati tunalala sisi, ya chini ndiyo kazi: vyumba viwili vya mbele pamoja na ukuta wa ngazi. Mume wangu anapaita galari. Mimi nikiongea na watu wa nyumbani nasema nyumba ya sanaa. Mama mkwe anasema tu "chini", kama mtu anayezungumzia stoo.

"Mswahili na Haiti wapi na wapi?" shangazi aliniuliza siku moja kwenye simu. Ni haki yake kuuliza.

Mume wangu ni wa Jacmel, mji wa bandari kusini mwa Haiti, maarufu kwa kanivali na vinyago vya karatasi. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa seremala. Wachoraji walikwenda kwake kutengenezewa fremu za kuwambia kanvasi, na asiyekuwa na pesa alilipa kwa picha. Mama mkwe alipokuja kuishi nasi alileta mabegi mawili ya nguo na shuka moja iliyoviringishwa kama mkeka. Ndani ya shuka kulikuwa na picha kumi na moja. Hakuna hata moja iliyochaguliwa na mtu, zote zilikuwa deni la mbao. Nne nilizipenda, tano nilizivumilia, mbili nilizificha nyuma ya kabati. (Moja ya hizo mbili ndiyo iliyokuja kuuzwa bei kubwa kuliko zote. Jicho langu wakati ule lilikuwa bado bichi.)

Ikaja tarehe 12 Januari 2010. Tetemeko lilipiga kabla ya saa kumi na moja jioni, na mimi nilikuwa najiandaa kwenda zamu ya usiku hospitalini. Mume wangu alipiga simu Jacmel mpaka asubuhi, hakuna iliyoita. Wenzangu wodini walichanga, na mmoja wao alipoleta bahasha nyumbani akasimama mbele ya picha ya soko, wanawake na vikapu vyao vichwani, akauliza kwa aibu kama inauzwa. Nikamgeukia mama mkwe. Hakuinua hata macho. "Vann li," akasema kwa Krioli. Iuze. Wiki ile ziliondoka tatu, na pesa zake zikanunua mabati na saruji Jacmel.

Huo ndio mwanzo wa biashara yangu. Naona watu wengine hufungua galari kwa hotuba na glasi za mvinyo.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, maana nilikuwa nauza vitu nisivyovijua. Nikakuta kwamba siku ile ile Port-au-Prince ilikuwa imepoteza kuta zake. Jengo la Centre d'Art, kituo cha wachoraji kilichofunguliwa mwaka 1944, liliharibika vibaya. Kanisa kuu la Kianglikana la Utatu Mtakatifu liliporomoka na michoro yake ya ukutani ya 1950 na 1951. Ilikuwa kumi na minne, wakaokoa mitatu, mmojawapo ule wa mchoraji Castera Bazile wa ubatizo wa Yesu. Jumba la Georges Nader, muuza picha, ambalo lilikuwa makazi na makumbusho kwa pamoja, lilianguka na maelfu ya picha ndani yake. Hilo la Nader lilinikaa. Nilidhani nyumba ya sanaa ndani ya nyumba ya kulala ni ujanja wa watu wasio na mtaji wa pango, kumbe Haiti ndivyo walivyofanya muda mrefu. Issa El Saieh, aliyekuwa kiongozi wa bendi kubwa miaka ya arobaini, baadaye aliuza picha nyumbani kwake kwa miongo mingi. Nikaacha kuona haya na sebule yangu.

Katika kusoma ndipo nilipokutana na Hector Hyppolite, na hapo nikajikuta nimerudi Dar es Salaam. Hyppolite alizaliwa Saint-Marc mwaka 1894, alikuwa kuhani wa vodou, dini ya jadi ya Haiti, na alichora kwa manyoya ya kuku na rangi ya kupakia fanicha. DeWitt Peters, Mmarekani aliyekwenda kufundisha Kiingereza kisha akaanzisha Centre d'Art, aliona mlango wa baa aliouchora njiani Montrouis, maua na ndege, akaulizia nani kaufanya. Miaka michache baadaye mshairi Mfaransa André Breton alinunua picha zake akaenda nazo Paris, na mwaka 1948 Hyppolite akafariki. Sasa mkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini aliyekuja Dar kutafuta maisha, rangi ya kung'aa ya baiskeli, kipande cha hadibodi, pale Oysterbay. Naye hakudumu, alipigwa risasi na polisi kwa makosa mwaka 1972. Wote wawili vitabu huwaandikia kwamba "waligunduliwa". Mimi neno hilo nimelifuta kwenye karatasi zangu. Ule mlango ulikuwa umeshachorwa, na walevi wa Montrouis walikuwa wakiupita kila siku kabla Mmarekani hajapita na gari.

Ila kuna jambo moja ambalo Haiti walitupita. Kwetu jina la mtu mmoja liligeuka kuwa jina la mtindo, na mamia ya watu walioshika brashi baada yake wote wakaitwa Tingatinga. Nilikulia na picha hizo na sikuwahi kuuliza ile ya chui sebuleni kwa mjomba kaichora nani. Ilikuwa "tingatinga", basi, kama unavyosema sufuria. Katika vitabu vya Haiti nilikuta hata watu wa kazi za chini wana majina kamili: Rigaud Benoit alikuwa dereva, Bazile alikuwa mtumishi wa ndani pale pale Centre d'Art, Philomé Obin wa Cap-Haïtien alichora historia ya mji wake mpaka uzeeni. Nikajiwekea sharti kwamba kitu hakipandi ukutani kwangu bila kikaratasi chenye jina, mahali na mwaka. Kama sijui, naandika "mchoraji hajulikani", na bei inashuka.

Sharti hilo lilinigharimu mapema. Kuna mtu aliniuzia picha yenye sahihi ya Préfète Duffaut na mwaka 1968. Duffaut alikuwa mtu wa Jacmel, kwa hiyo nyumba nzima ilisisimka. Kama hujaziona kazi zake, ni miji ya ndotoni, milima iliyochongoka kama mapande ya sukari guru, barabara zinazoning'inia hewani na watu wadogo kama sisimizi wakizipanda, na bahari chini. Mama mkwe alinyoosha kidole akasema hii ndiyo ghuba yetu. Nikaiuza ndani ya mwezi kwa dola mia tisa kwa mzee mmoja mstaarabu. Baada ya siku tatu alirudi nayo chini ya kwapa, akavua viatu, akaigeuza juu ya meza ya chakula bila neno. Kanvasi nyuma nyeupe pe. Pini za mashine zinang'aa, hata kutu ya kusingizia hazina. Kisha akaniambia niinuse. Ilinuka rangi mbichi. Picha ya 1968 hainuki.

Nilimrudishia pesa zake zote. Aliyeniuzia namba yake haikupatikana tena. Mume wangu alitaka tuichane, nikakataa, nikaitundika jikoni juu ya friji na kikaratasi chake: "Mchoraji hajulikani, kwa namna ya Duffaut." Iko pale mpaka leo. Watoto wanaipenda kuliko zote za chini, na mimi nikisubiri ugali uive huwa naitazama nikijiuliza huyu aliyekaa akachora watu mia mbili wadogo namna ile, mmoja mmoja, kwa jina la mwingine, alilipwa ngapi.

Tangu siku ile picha naanza kuitazama mgongoni.

Chuma ndicho kilichonipeleka Haiti mwenyewe, mwaka 2013. Tulitoka Port-au-Prince kwenda Croix-des-Bouquets, mtaa wa Noailles, na unausikia kabla hujauona: nyundo juu ya patasi, mamia, kila karakana na mdundo wake. Mtaa mzima ni watoto, wajukuu na wanafunzi wa wanafunzi wa Georges Liautaud, mhunzi aliyezaliwa 1899. Liautaud alikuwa akifua misalaba ya makaburi, na mwaka 1953 Peters aliiona, akamsogeza kwenye sanamu. Malighafi waliyoishika ni mapipa ya mafuta, yale ya lita mia mbili tunayoyajua sote, ambayo kwetu yanaishia kuwa matanki ya maji au majiko ya mishikaki.

Fundi, kwa Krioli huitwa bòs, anaondoa vifuniko viwili vya pipa, analijaza majani makavu na kuliwasha moto ili mabaki ya mafuta yaungue. Likishapoa analipasua ubavuni, kisha analikunjua. Hapo inahitajika miguu. Niliona vijana wawili wakilipanda na kulikanyaga kama wanacheza, huku wa tatu akigonga kingo, mpaka likalala chini bapa, karatasi ya chuma kama mita moja kasoro kwa karibu mita mbili. Anachora kwa chaki, halafu anakaa chini na patasi. Hakuna msumeno wala moto wa gesi. Kila mkunjo wa nywele na kila gamba la samaki ni pigo lake la nyundo.

Vifuniko havitupwi, vinakuwa kazi za mviringo. Nilinunua kimoja siku ile na sijakiuza wala sitakiuza. Ni Lasirèn, mwanamke samaki, malkia wa bahari katika vodou, ambaye huchorwa na kioo mkononi. Kwenye kifuniko cha pipa, pembeni, kuna tundu la kumiminia mafuta, lenye ukingo uliosimama kidogo. Fundi hakuliziba. Amemzungusha mwanamke yule kwenye duara mpaka mkono wake umelifikia tundu, na tundu ndilo kioo. Ukikitundika sentimita mbili mbele ya ukuta, mwanga wa dirisha unapita pale na kuacha doa jeupe ukutani linalotembea na jua. Binti yangu alipokiona mara ya kwanza alikuwa na miaka minne, akapiga kelele: "Mama, nguva!" Tangu hapo jina likawa hilo.

Sasa twende kwenye ugomvi, maana lwa, yaani pepo wa vodou, ndani ya nyumba ya Muislamu na Mbaptisti si jambo dogo. Chuma kilipita, watu hudhani ni mapambo. Shida ilikuja na drapo, bendera za vodou, vitambaa vilivyofunikwa chote kwa shanga na vidoti vya kumeremeta vinavyoshonwa kimoja kimoja. Waliozoea kofia za viua watanielewa: ni mkono na macho ya mtu, miezi inapita. Myrlande Constant, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo za harusi, alichukua ushonaji wa shanga wa kule akauhamishia kwenye drapo, na mwaka 2022 kazi zake zilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice. Yangu haikuwa ya Constant, siwezi bei yake. Ilikuwa ndogo, nyekundu, ya Ogou, lwa wa chuma na vita.

Mama mkwe, Mbaptisti wa kukata na shoka, alikataa kushuka chini siku mbili. Alisema neno wanga, nami nikaruka, maana kwetu wanaowanga tunawajua. Kwa Krioli wanga ni uchawi wa kutengenezwa, kifurushi cha dawa. Wapo pia Simbi, lwa wa majini, na kwetu simbi ni kauri. Watu wa Kongo walikuwa wengi mno kati ya waliovushwa kwenda mashamba ya sukari ya Haiti, kwa hiyo sishangai tena nikisikia neno la Kibantu linachungulia.

Kisha mama yangu mzazi naye akaiona kwenye simu ya video. "Mwanangu, hiyo si nguo ya pepo? Umeitundika unaposwali?"

Ajabu ni kwamba yeye aliielewa kuliko wataalamu wengi niliowasoma. Mtu wa Tanga aliyewahi kupita jirani na kilinge anajua kwamba kila pepo ana rangi ya nguo yake, wimbo wake na chano chake, na akipanda kichwani kwa mtu huongea kwa sauti yake. Nikiwaeleza wageni wa Kimarekani lwa ni nani natumia nusu saa. Mama yangu nilimwambia, "Ndiyo, mama, ya kwao," akasema, "Haya, itoe chumba cha kuswalia," tukamaliza. Drapo zikahamia ngazini, upande usiopigwa na jua, na pale pale mama mkwe huziwekea mkono usoni akipita, lakini anapita. Na mteja akija ni yeye anayemweleza ipi ya lwa Ezili na ipi ya Danbala. Sijui Mbaptisti aliyajulia wapi.

Mengine ni ya kawaida. Bima ya nyumba hailipii vitu vya kuuza, nililazimika kukata nyingine. Kipupwe cha huku, na mabomba ya joto yakiwaka, hewa hukauka hadi hadibodi za zamani hujikunja kama papadi, kwa hiyo hakuna picha juu ya bomba. Chuma nakisugua nta ya magari mara moja kwa mwaka. Mafundi nawalipa kabla, siwezi kumwambia mtu aliyekimbia makazi yake asubiri mpaka kitu chake kiuzwe Boston.

Maana wamekimbia. Noailles ile niliyoisikia kabla ya kuiona imeangukia mikononi mwa magenge, na nyundo nyingi zimehama au zimenyamaza. Juni 2024 polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince, wateja walianza kunishika mkono mlangoni: "Watu wako wamefika." Mimi ni Mtanzania, nikawaeleza, wakaitikia kwa kichwa na kuendelea kunishika mkono. Mama mkwe aliniomba nimfundishe Kiswahili cha kumsalimia askari, nikamfundisha "shikamoo", nikakumbuka baadaye kwamba amewazidi umri wote. Novemba ya mwaka ule ndege zilipopigwa risasi, safari za mashirika ya Marekani kwenda Port-au-Prince zikasimama. Julai 2025 Oloffson, hoteli ya kale ya Port-au-Prince, ikachomwa moto. Siku ile mume wangu alishuka chini akakaa katikati ya picha gizani, na sikumwashia taa.

Vitu sasa vinatoka kupitia Cap-Haïtien, kaskazini, kwenye mabegi ya wasafiri. Kifuniko cha pipa kina kipenyo cha sentimita hamsini na saba, kinaingia kwenye begi kubwa. Karatasi ya ubavuni haiingii. Kwa hiyo kuta zangu mwaka huu zimejaa miduara, na mgeni mmoja alinisifu kwa "uteuzi wenye wazo moja". Nilimshukuru.

Fundi aliyemtengeneza nguva wangu yuko hai. Amehamia mji mwingine, anafanyia kazi uani kwa watu, na lazima agonge mchana tu kwa sababu ya majirani. Jina lake kamili liko chini kwenye kikaratasi, herufi zangu za penseli, yeyote anayevua viatu atalisoma. Hapa sitaliandika, wala halimo kwenye picha ninazoweka mtandaoni, kwa sababu aliniomba: magenge husoma, na mtu anayeuza nje ya nchi hudhaniwa ana dola. Mimi mwenye sharti la majina sasa nakwangua sahihi kwenye picha za simu kabla ya kuzituma.

Mwezi uliopita kilifika kifuniko kipya, kimefungwa kwenye blanketi la mtoto. Lasirèn tena, safari hii tundu amelifanya mdomo wa tarumbeta anayoipuliza. Chini, kwa patasi, ameweka sahihi yake, na pembeni ya sahihi: Noailles. Nikampigia, nikamuuliza kwenye kikaratasi niandike mahali gani, kule aliko sasa au kule alikotoka. Nyuma yake nilisikia mtu akimwambia apunguze kelele.

"Si nimeshaandika," akasema.